Kopo la Vidonge vya Nywele

Nywele zilianza kunitoka utosini mwaka wa pili tangu niambiwe kuwa kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi ya shingo. Ugonjwa huu unaitwa Hashimoto, jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Nilikwisha kuuzoea: kila alfajiri kidonge cha homoni ya tezi, levothairoksini, mikrogramu 100, na maji matupu, kisha nasubiri saa nzima ndipo ninywe chai. Vidonge vya chuma na kalsiamu nilijua kuvitenga nacho kwa saa 4. Lakini nywele! Msusi wangu alinipapasa kichwani akaguna: "Dada, hapa sina pa kushika." Akaniuzia kopo la bayotini. "Vitamini tu hii, haina madhara."

Nilimeza miezi mitatu. Kliniki wakanipima, majibu yakatoka TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, iko chini kabisa na homoni ya tezi yenyewe iko juu, kana kwamba dawa imenizidi. Daktari akaipunguza. Hakuniuliza nameza nini kingine, nami sikusema. Nani anamtajia daktari dawa ya nywele?

Nikaporomoka. Februari ile Dar es Salaam watu wanajipepea, mimi nimejitanda khanga mbili. Uso ulivimba, choo kikawa cha taabu, sauti ikawa nzito hata mwanangu akadhani nina mafua. Mara tatu nilisinzia ndani ya daladala nikapitilizwa kituo. Nikarudi kupima, namba zikasema vilevile: dawa bado imezidi.

Safari hiyo binti wa maabara alinitazama usoni, akatazama karatasi. "Mama, hivi viwili haviendani. Unatumia vitamini gani?" Nikatoa kopo mkobani. Kidonge kimoja mikrogramu 10,000. Mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Akanieleza kuwa vipimo vingi vya homoni hutumia bayotini hiyohiyo kama gundi ya kunasia. Ikijaa kwenye damu, kipimo hupotoka. Wamarekani walikwisha kulitolea onyo jambo hilo mwaka 2017. Tezi yangu haikuwa na nafuu yoyote.

Niliacha kopo wiki nzima, nikapima upya. TSH ilikuwa juu mno: dawa ilikuwa hainitoshi. Dozi ikarudishwa, na baada ya miezi kadhaa nywele nazo zikaanza kuota.

Wewe mwenye kipimo wiki hii, nenda na makopo yako yote, hata la nywele, hata la kucha, uyaweke mezani kabla hujatolewa damu.