Sare ya Abidjan

Mimi ni Simba kwa kurithi, kama wengine walivyorithi shamba la migomba. Baba alikuwa Simba, na kwa kuwa mimi ni kitinda mimba wake, hapa Bukiriro watu walianza kuniita "mtoto wa Simba" kabla sijajua hata timu moja ina wachezaji wangapi. Mtaa wa Msimbazi sijautia mguu hadi leo. Dar es Salaam yote naijua kwa redio.

Baba alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2023. Hakuacha mali ya kugombaniwa. Aliacha migomba, ng'ombe mmoja mkali, redio ambayo antena yake ilikatika ikafungwa waya wa baiskeli, na kaunta buku moja nene yenye jalada gumu. Kaka zangu waligawana vinavyogawanyika. Kaunta buku nilipewa mimi bila ubishi, maana mimi ndiye "mwandishi" wa nyumba hii, jina ambalo ungelisikia linavyotamkwa ungejua si sifa. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo, na tangu hapo nimeandika riwaya moja na nusu. Hiyo moja ililala kwa mchapishaji mmoja miezi minane, kisha ikarudi na karatasi fupi iliyosema kwamba mwisho wake hauaminiki. Nitaurudia huo mwisho.

Katika kaunta buku hiyo, baba aliandika historia ya Simba kama alivyoijua yeye. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mtu anayetaka kusomwa. Anasema klabu ilizaliwa mwaka 1936, mwaka mmoja tu baada ya Yanga. Kwamba ilipitia majina ya Queens na Eagles, ikaitwa Sunderland, na mwaka 1971 ndipo ikawa Simba. Anasema kwamba ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa alikuwa Sunderland, na mwaka uliofuata tena Sunderland. Chini ya maneno hayo amepiga mistari miwili kwa rula. Baba hakuwa mtu wa kupiga mistari hata kwenye hesabu za kahawa.

Kurasa zinazofuata zinakwenda mbio. Mwaka 1974: Simba bingwa wa kwanza wa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na mwaka huohuo nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1975 ameuandika kwa mstari mmoja tu, eti "Zanzibar, tulipoteza." Waliowafunga ni Yanga, katika fainali, lakini jina hilo hakulitaja. Nadhani wino ulimwishia ghafla.

Halafu inakuja 1979, na hapo baba anatumia kurasa nne. Wenye umri wanaikumbuka. Simba ilikaribisha Mufulira Wanderers ya Zambia pale Dar es Salaam ikapigwa 4-0 nyumbani kwake. Watu wakasema safari ya Lusaka ni ya kwenda kukamilisha ratiba. Simba ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Thuwein Ally alifunga matatu, George Kulagwa mawili. Baba alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, na ameandika kwamba usiku ule alitembea peke yake barabarani akisema "tano" kwa sauti, mpaka mzee mmoja akamwuliza kama ana malaria. Kwamba raundi iliyofuata Simba ilitolewa na Racca Rovers ya Kano, hilo amelitaja pembeni, kwa herufi ndogo, kama mtu anayelipa deni bila kutaka kuonekana.

Sasa nifike kwenye ukurasa ulionifanya niandike haya.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, lile ambalo wengi waliliita Kombe la Abiola. Lilikuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake. Njiani Simba iliwatoa USM El Harrach ya Algeria, na katika nusu fainali ikaitoa Atlético Sport Aviação ya Angola. Fainali ilikuwa na Stella ya Abidjan. Mchezo wa kwanza, kule Abidjan, ulikwisha 0-0. Wa pili ulichezwa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa, ule tunaouita Uhuru siku hizi, mwishoni mwa Novemba. Nchi nzima, hata Yanga wenye roho nzuri (wapo), ilikwisha kulibeba kombe mdomoni. Stella ilishinda 2-0. Mabao yote mawili alifunga Boli Zozo.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini bao la pili la Boli Zozo nalijua kuliko njia ya kwenda kisimani, kwa sababu baba alitusimulia utoto wetu wote. Alikuwa akisimama katikati ya ua, akimwigiza mtangazaji wa RTD, sauti ikipanda, ikipanda, halafu kimya. "Uwanja mzima ukawa kama msiba," alikuwa akisema. Mwameja golini, Masatu nyuma, Malota Soma, Chumila, alikuwa akiwataja kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo, ijapokuwa wakati ule wengi wao walikuwa wazima. Nasi tulilia. Haki ya Mungu, watoto wa Bukiriro tulilia kwa bao lililofungwa kabla hatujazaliwa.

Basi nilipoufungua ukurasa huo nilitegemea maombolezo. Nikakuta hivi: tarehe, "SIMBA v STELLA," majina kumi na moja ya wachezaji, na mahali pa matokeo hapana kitu. Chini yake, kwa penseli:

blanketi 1
sufuria 1
jembe 1
watoto 2

na hiyo "2" imekatwa, imeandikwa "3."

Nikampelekea mama. Mama hasomi vizuri, macho yamechoka, nikamsomea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba yako hakusikiliza mpira ule."

"Mama, bao la pili alitusimulia miaka yote."

"Alisimuliwa. La kwanza alisikia. La pili hakuwapo."

Yapo mambo ya mwaka ule ambayo mtu wa Ngara hahitaji kuelezwa, ila wewe msomaji wa mbali nikueleze kidogo. Tarehe 21 Oktoba 1993, Burundi, wanajeshi walimwua Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kwa kura za wananchi mwezi wa Juni mwaka huohuo. Nchi ikawaka. Watu wakavuka mpaka kuja kwetu kwa maelfu, na magodoro kichwani. Dunia inakumbuka zaidi Aprili 1994, Wanyarwanda walipovuka Rusumo kwa wingi usiohesabika na Benaco ikawa mji ndani ya wiki. Lakini hapa kwetu wageni wa kwanza walikuwa hao wa Oktoba. Kihangaza chetu na Kirundi chao ni watoto wa tumbo moja, kwa hiyo hawakuhitaji mkalimani kuomba maji.

Nyumbani kwetu ilifikia familia ya fundi cherehani mmoja kutoka upande wa Muyinga. Mume, mke, watoto wawili. Wa tatu, kijana wa miaka saba, walimpoteza njiani usiku, watu walipokimbia. Mama anasema mke yule alikuwa akila akielekea mlangoni, hakukaa hata siku moja akiupa mlango mgongo.

Mume alikuwa mtu wa mpira. Yeye ni Vital'O, timu ya Bujumbura, na kaka zangu walimpa jina la Mzee Vitalo siku ya pili tu. Jioni yeye na baba walikaa na rubisi, ambayo yeye aliiita urwarwa, wakabishana. Vital'O ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka uliotangulia, 1992, na mpinzani wake alikuwa nani? Africa Sports, ya Abidjan vilevile. Walitoka 1-1 Bujumbura, kisha wakaenda Abidjan wakafungwa 4-0. Kwa hiyo Simba ilipotoka 0-0 Abidjan baba alicheka sana, akamwambia mgeni wake, "Ninyi mlipigwa nne kule, sisi wametushindwa." Mzee Vitalo akamjibu, mama analikumbuka neno lenyewe: "Sare ya Abidjan usiishangilie, ndugu yangu. Wamekuachia mlango wazi ili ulale."

Na kimpira alikuwa na haki. Sare ya bila kufungana ugenini ina hila: mgeni akija kwako akapata bao moja tu, wewe unatakiwa mawili, kwa kuwa bao la ugenini lina uzito. Lakini nani alikuwa akipiga hesabu hizo Novemba ile?

Siku ya fainali betri zilianikwa juani tangu asubuhi. Watu walijaa uani. Bao la kwanza la Zozo likaingia. Hapohapo, anasema mama, akaja kijana wa jirani akitweta, akasema huko barabarani wamekuja wageni wengine, na kati yao mna mtoto wa miaka kama saba anayetembea peke yake. Mzee Vitalo aliinuka bila kusema neno. Baba naye akainuka. Redio waliiacha ikisema.

Walirudi usiku wa manane. Mtoto walikuja naye, baba kambeba mgongoni. Hakuwa wa kwao. Hakuwa hata mvulana. Alikuwa binti, nywele zimenyolewa. Mke wa fundi alimwangalia kwa taa, akamwangalia tena. Kisha akaomba maji ya moto, akamwogesha, akamlaza pale alipokuwa akiwalaza wanawe. Hivyo ndivyo wawili walivyokuwa watatu.

"Na baba akauliza mpira umekwishaje?"

"Nani angeuliza mpira?" mama akasema. "Aliuliza asubuhi. Akaambiwa mbili bila. Akasema, 'Haya,' akaenda kukata majani ya ng'ombe."

Januari familia ile ilirudi Burundi kumtafuta kijana wao, na binti walikwenda naye. Hatukusikia tena.

Sasa ule mwisho wa riwaya yangu. Riwaya inahusu mzee wa kijijini anayesikiliza fainali ya 1993 redioni, na katika ukurasa wa mwisho Simba inashinda 3-2. Nilijua ni uongo. Nilidhani ndiyo kazi ya mwandishi, kumpa baba yake kombe. Mchapishaji akasema hauaminiki, nikakasirika wiki nzima, nikasema hawa watu wa mjini hawajui mapenzi ya timu. Kumbe baba naye alikuwa ametunga. Yeye alitunga kilio: alijiweka redioni mahali ambapo hakuwapo, akatulizia bao, kwa sababu kile cha barabarani hakukiweza kukisimulia mbele ya watoto.

Nimeyapitia makurasa yaliyobaki nikiwa na jicho jingine. 2003, Simba inaitoa Zamalek, bingwa mtetezi, kwa penalti, hukohuko Cairo, Kaseja golini: kurasa mbili za furaha. Msimu wa 2009/10, bingwa bila kufungwa: ukurasa mzima. Halafu 2013, mstari ambao zamani nilidhani ni makosa ya mzee: "Vital'O bingwa, kombe la Kagame, Sudan. APR 0, Vital'O 2." Simba mwaka ule haikwenda kabisa, ilijitoa pamoja na Yanga kwa kuhofia usalama wa Darfur. Katika kaunta buku yote hiyo, ndilo kombe pekee la timu nyingine lililoandikwa. Limepigiwa mistari miwili kwa rula.

Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Afrika kwa mara ya pili katika maisha yake, Kombe la Shirikisho. Berkane ya Morocco ilishinda 2-0 kwao, na mchezo wa marudiano ukapigwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan, tarehe 25. Nililipa shilingi mia tano kwenye kibanda umiza, nikakaa kwenye benchi lisilo na mguu mmoja. Mutale alifunga mapema, kibanda kikataka kuanguka. Tulihitaji bao jingine. Tuliendelea kulihitaji mpaka dakika za nyongeza, na hapo Berkane wakasawazisha.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama bado yuko macho jikoni.

"Wamefungwa?"

"Sare, mama. Moja kwa moja."

"Sare ni kombe?"

"Siyo."

Nikaleta kaunta buku karibu na taa, nikaandika tarehe, nikaandika 1-1, na jina la Mutale. Kisha nikarudi nyuma hadi ukurasa wa 1993. Pale patupu nilipashikia kalamu kwa muda, mama akiniangalia.

"Unaandika nini hapo?"

"Matokeo. Baba hakuyaandika."

"Hayo yaache," akasema. "Ila sufuria ifute. Sufuria walirudisha."

Nikaifuta sufuria.