Mistari Miwili ya Nyumbani

Katika bustani yetu ya nyanya, kwenye mteremko wa Kabare juu ya Bukavu, kulikuwa na mistari miwili ambayo hatukuipulizia dawa kamwe. Mavuno yake yalikuwa haba na yenye madoadoa. Ndiyo yaliyoingia katika chungu chetu. Mistari mingine yote ilikuwa ya soko.

Wakati wa mvua, mildiu huweza kuunguza shamba zima la nyanya kwa siku chache. Basi tulipuliza mankozebu kila juma, na mara nyingine dawa ya wadudu pia. Tuliinunua kwa kijiko, ndani ya kifuko kisicho na maandishi; sisi, mwalimu wa kusomesha wengine kusoma! Pakiti halisi huonyesha siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna, maana dawa huhitaji muda ili ipungue. Lakini sisi tulihesabu siku za kulipa masomo ya watoto. Tulipuliza Alhamisi, tukavuna Ijumaa jioni, na Jumamosi nyanya zikateremka hadi soko la Kadutu, nyekundu, bila doa.

Dominika moja, baada ya misa, mama mmoja wa shirika letu alitukaribisha mezani. Aliandaa bugali, samaki na saladi ya nyanya mbichi.

«Papa katekista, nyanya hizi zimetoka kwenu,» alisema kwa furaha.

Wajukuu wake walikuwa wamekwisha kuanza kula. Sisi tulizisogeza pembeni ya sahani.

«Saladi haina chumvi?»

Tulijibu kwamba tumbo lilituuma, na huo ulikuwa uongo.

Mankozebu hubaki zaidi juu ya ganda, na kuosha kwa kusugua huipunguza. Ikipikwa, sehemu yake hugeuka kuwa kitu kinachoweza kudhuru tezi ya shingo. Dawa nyingine, kama dimetoati, huingia ndani ya tunda lenyewe, na hapo maji hayaifikii. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kurefusha kibali cha mankozebu. Mabaki ya namna hii kwa kawaida hayamwangushi mtu mezani, na kwa sababu hiyo hakuna anayerudi sokoni kumlaumu mwuzaji. Papa Fransisko alitaja dawa za mashamba katika waraka wake Laudato si' wa 2015; nasi tulikuwa tumewafundisha wakatekumeni waraka huo huo.

Msimu uliofuata tulidai pakiti yenye maandishi, tukatia alama siku za kungoja kwenye kalenda ya parokia iliyo ukutani. Mvua ilinyesha siku hizo zote. Vikapu vitatu vilioza, na mtoto mmoja alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa juma moja.

Ndipo tulipomwendea yule mama na kumweleza yote, pamoja na habari ya mistari miwili. Alinyamaza kwa muda, akiwatazama wajukuu uani. Kisha akauliza kama mistari ile ingalipo, na kikapu chake ni bei gani.