Tulimsingizia Fundi Wetu, na Hivi Ndivyo Alivyotusamehe

Leo hatuzungumzii mishono wala singo. Tuna deni, na tumeona tulilipe mbele za watu kwa sababu kosa lenyewe tulilifanya mbele za watu.

Wengi wenu mnatujua. Sisi ni ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Tulimaliza kidato cha nne, tukasomea ushoni, na sasa tumeshavuka thelathini tuna chumba chetu cha kushonea karibu na Darajani. Magauni ya harusi, mashela, nguo za kesha, nguo za Idd. Tuna cherehani tatu na ovaloki moja. Cherehani ya tatu ndiyo ya Dada.

Dada si ndugu yetu wa damu. Ni Mkristo, mtu wa Muheza, ametuzidi kama miaka kumi hivi, na mkono wake kwenye lesi hatujauona kwa fundi mwengine. Jumapili husali kanisa la Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Sisi tumelipita kanisa lile tangu wadogo tukitumwa sokoni, na miaka minne tumekaa chumba kimoja na Dada, hatukuwahi hata siku moja kumuuliza humo ndani anaomba nini. Tulijua anakunywa chai bila sukari, tulijua ada ya skuli ya mtoto wake. Dini yake tuliiona ni jambo lake la Jumapili.

Sasa tuje kwenye kosa. Ilikuwa mwezi wa Shaaban, mwaka 2025. Mnajua Shaaban ilivyo kwa mafundi, kila mtu anataka aolewe kabla Ramadhani haijaingia. Tulikuwa na magauni saba kwa mkupuo, hatulali. Akaja bibi harusi mmoja na mama yake na somo wake kujaribu gauni. Lesi walituletea wao, imetoka Dubai, yadi sita. Mama mtu akaiangalia ile sketi, akaangalia kilichobaki mezani, akasema, "Mbona lesi yangu haifiki?"

Tukaipima. Kweli ilipungua kama yadi mbili.

Hapo sasa. Ungetegemea watu wazima wenye biashara yao waseme, "Mama, tupe mpaka kesho tuangalie." Sisi tulimgeukia Dada. Tukamuuliza lesi ameipeleka wapi. Akasema hajui, alichopewa akate amekikata. Tukamwambia afungue mkoba wake.

Maneno yalitoka kwenye kinywa cha mmoja wetu, lakini wa pili alikuwa amesimama pale pale na hakusema kitu, kwa hiyo tunasema tulisema sote.

Dada aliutungua mkoba kwenye msumari wa mlangoni, akaufungua mbele ya wageni wale watatu, akatoa kitu kimoja kimoja akaweka juu ya meza ya kukatia. Kanga. Kitabu cha sala chenye jalada lililochakaa. Dawa ya kifua ya mtoto. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko. Lesi haikuwemo. Akavirudisha, akaketi kwenye cherehani, akamaliza mshono aliokuwa nao mkononi, akafagia nyuzi kama kila siku, akaondoka baada ya maghrib. Wageni waliondoka na yao vichwani. Na sisi, Mungu atusamehe, usiku ule tulikuwa bado tunajiuliza ameificha wapi.

Kesho yake alikuja alfajiri mno, kabla hatujafungua. Alikuwa anatusubiri kibarazani. Akasema, "Wadogo zangu, nimekuja kwenu nyinyi wawili kabla sijamwambia mtu mwengine. Sikuiba. Na mlichonifanyia jana mbele za watu kimeniuma sana." Basi. Hakulia, hakututukana. Sisi tukajibu yale ya kujibu mtu anapotaka mazungumzo yaishe: haya Dada, tumesikia, tuendelee na kazi.

Baadaye sana ndipo alipotueleza kwa nini alikuja vile. Katika mafundisho ya Nabii Isa wanayosoma wao, mtu akikukosea unamfuata mwenyewe, mkiwa faragha, umweleze kosa lake kabla ya kuita mashahidi. Tulishtuka kidogo. Maana sisi akitukosea mtu tunaanza kwa mashoga, kisha majirani, kisha tunaweka hali ya mafumbo WhatsApp, na mkosaji mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Siku nne kabla ya harusi ile, kijana wa yule mama anayetushonea shanga kule Bububu alikuja na furushi. Tukafungua. Shela. Limejaa shanga, zuri mno, na kitambaa chake ni ile lesi ya Dubai.

Tulilikata sisi wenyewe. Wiki mbili nyuma, usiku, tulikata yadi mbili za shela tukampelekea mshona shanga, na kwa wingi wa kazi tukasahau kabisa. Hakuna aliyeandika popote.

Tulimwita Dada uani. Tukamwonyesha. Tukamwomba radhi, na tulimaanisha, tulilia hasa. Tukampa bahasha. Dada akaifungua, akaangalia, akaturudishia. "Pesa ya kazi yangu naipokea kila Jumamosi," alisema. "Hii si ya kazi." Akatwambia ameshatusamehe. Tukapumua.

Na mteja? Mteja tulimwambia, "Mama, lesi ilipelekwa kwenye shanga." Hivyo tu, kwa simu, kama jambo dogo la kazi. Hatukusema tulimsingizia mtu. Tuliogopa jina la biashara, tuseme ukweli. Tulikuwa na wateja wa Idd wanaanza kuingia, na hakuna anayependa kusikia kuwa fundi wake anakata kitambaa akasahau.

Ikaingia siku ya mwisho ya Shaaban. Mnazijua zile meseji za kuombana radhi kabla ya kufunga, naomba unisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Tulituma kwa kila mtu kwenye simu. Na Dada naye ilimfikia, ile ile waliyotumiwa wauza zipu na wauza vifungo.

Mwaka ule funga zetu na zao ziliingia pamoja. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu, siku wanayoanza Kwaresima yao, ikawa tarehe 5 Machi. Siku ile Dada alikuja kazini na alama ya majivu kwenye paji la uso. Alitueleza kuwa wanafunga siku arubaini mpaka Pasaka, bila kuhesabu Jumapili, na kwamba yale majivu ni ya kumkumbusha mtu ametoka kwenye udongo na atarudi udongoni. Tukasema, kwa hilo hatuna ubishi.

Mchana akaingia mama mmoja na vitambaa vya Idd vya wanawe. Kumbe ni mama mdogo wa bibi harusi wetu wa Shaaban. Dada alinyoosha mkono kupokea vile vitambaa, mama akavivuta nyuma, akavishika kifuani. Akatwambia sisi, kwa sauti ya chini lakini chumba ni kidogo, "Hivi msimpe yule."

Mara ya pili tulinyamaza. Tulivichukua vitambaa tukavitia kwenye kabati. Dada akarudi kwenye cherehani.

Mteja alipotoka, Dada alizima mashine. Tutayaandika maneno yake kama tunavyoyakumbuka. Alisema katika sala wanayoisali kila siku kuna mahali wanamwomba Mungu awasamehe kwa kadiri wao wanavyowasamehe waliowakosea. Usiku ule wa mkoba alifika mahali hapo akakwama. Ulimi haukwenda. Hakumaliza sala. Usiku wa pili vile vile. Usiku wa tatu aliisali mpaka mwisho, na moyo bado unauma, kwa sababu aliona akingoja maumivu yaishe ndipo asamehe, hatasali tena maisha yake. "Kwa hiyo mimi nimewasamehe kabla shela halijarudi," alisema. "Nimewasamehe mkiwa bado mnaniona mwizi. Lakini watu wale bado wananijua mwizi. Msamaha wangu hauwezi kwenda nyumbani kwao. Nyinyi mnaweza."

Wapenzi, tulikuwa tumefunga, midomo mikavu, na tuliona aibu ambayo hatujawahi kuiona.

Kwa sababu tulikuwa tunajua. Tumefundishwa chuoni tangu tuna umri wa miaka sita kwamba toba ni kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutorudia, na kama umemdhulumu mja, unamrudishia haki yake au umwombe akuhalalishie. Heshima ya mtu ni haki yake. Tulikuwa tumemwondolea mbele ya watu watatu, ambao na wao wameshawaambia wengine, halafu tukamrudishia uani, faragha, na bahasha.

Usiku baada ya tarawehe tulikaa tukakumbushana kisa cha Sayyidna Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake. Bi Aisha aliposingiziwa, mmoja katika waliochukua maneno yale alikuwa Mistah, jamaa yake Abubakar, maskini aliyekuwa akimlisha yeye. Abubakar akaapa hatampa tena kitu. Ikateremka aya katika Surat Nur kuwahimiza watu wenye uwezo wasamehe na wasikate wema wao, na Abubakar akarudi akamsaidia Mistah kama zamani. Kisa hiki tumekisikia darsani mara nyingi, na kila mara tulikisikiliza tukijiweka upande wa Abubakar, mtu mkubwa anayetafakari kama asamehe. Usiku ule tulijikuta tumekaa upande wa Mistah. Na aliyetutendea alivyotenda Abubakar alikuwa mwanamke wa Muheza mwenye majivu usoni.

Msitufahamu vibaya. Hatuandiki ili mtu achanganye dini. Sisi tunaswali, yeye anakwenda kanisani, na hakuna aliyemwita mwenzake upande wake. Tunasema tulichokiona.

Usiku wa pili yake tulikwenda Jang'ombe nyumbani kwa mama wa bibi harusi. Tulimkuta somo yupo, bibi harusi mwenyewe yupo kwa wazazi na mumewe nje, na mama mdogo yule wa vitambaa pia. Tulisema yote, tangu mkasi mpaka furushi la Bububu. Tulitaja na bahasha. Mama alikaa kimya muda, kisha akasema jambo lililotuchoma: "Na mimi nilimwona anatoa ile dawa ya mtoto, roho ikaniambia huyu si mwizi, na sikusema." Mama mdogo alikasirika na sisi kweli kweli, alisema tumemtia dhambini mwezi mtukufu, na vitambaa vyake alikuja kuvichukua asubuhi. Wengine wawili wa ukoo ule hawajarudi kwetu mpaka leo. Tuliogopa hasara na hasara tuliipata, si kubwa ya kufunga mlango, lakini tuliiona kwenye hesabu za Idd.

Somo alikuja dukani siku ya tatu, mwenyewe, kwa miguu, na umri wake ule. Hakutusemesha sisi. Alikwenda mpaka kwenye cherehani ya tatu, akamshika Dada mkono, akamwambia, "Mwanangu, nihalalishie." Dada aliinuka akambusu mkono.

Bibi harusi mtarajiwa unayesoma hapa, utakwenda kuishi na watu. Utakosewa sebuleni mbele ya mawifi kisha utaombwa radhi chumbani mlango umefungwa. Samehe, lakini unayo ruhusa ya kusema, kwa adabu, kwamba sebule haijasikia. Na siku ukikosea wewe, usimchoshe mtu na zawadi.

Tulimuuliza Dada kama siku hizi moyo umetulia. Alisema siku nyingine anaamka akiwa ametusamehe, siku nyingine anaamka inabidi asamehe upya. Kuna mfuasi aliyemuuliza Nabii Isa kama kumsamehe nduguye mara saba kunatosha, akajibiwa ni sabini mara saba. Dada anasema zamani alidhani hesabu ile ni ya makosa mengi. Sasa anaona hata kosa moja linaweza kuzimaliza zote.

Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili. Tulimshonea binti yake gauni, na hilo Dada alilipokea, ila alikagua pindo akatwambia limepinda, tulifumue. Tukalifumua.

Yeye ndiye aliyeleta daftari. Kwa hiyo siku hizi ukija kwetu na kitambaa, Dada anakipima mbele yako, anaandika yadi na tarehe, unatia sahihi, na kila kipande kinachotoka kwenda kwenye shanga kinaandikwa nacho. Usichukie ukiona anakupimia mara mbili.

Mkoba wake zamani ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa mlangoni. Sasa anauweka chini, karibu na miguu yake. Msumari bado upo, na hatujamwambia aurudishe.