Kwa Nini Sauti Yetu Hairudi Kutoka Ng'ambo

Wenzetu wa Rumonge mnaujua ule mchezo. Jioni watoto wanasimama ufukweni, wanaelekea Kongo, wanaita jina la kijiji chao, halafu wanangoja. Hakuna kinachorudi. Mmoja alituuliza: "Ina maana huko hakuna mtu tena?" Swali hilo halikutuacha, ndo maana tunaandika leo kuhusu mwangwi.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ukiita, hewa iliyo mdomoni inasukuma ile ya mbele, nayo inasukuma nyingine, karibu mita 340 kwa kila sekunde. Ikikuta kitu kigumu na kipana, mwamba au ukuta, sehemu kubwa inarudi, kama mpira ukigonga ukuta. Huo ndo mwangwi. Lakini sikio linahitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde ili kutenganisha sauti mbili. Katika muda huo sauti inatembea mita 34, kwenda na kurudi. Kwa hiyo ukuta au mlima lazima uwe mbali angalau mita 17.

Jaribuni wenyewe. Kwenye njia ya Bujumbura, upande wa Minago, milima inalikaribia sana ziwa. Simameni mbele ya mteremko wa mawe, pigeni kofi moja, hesabuni. Likirudi baada ya sekunde 1, mlima uko kama mita 170. Ndani ya michikichi hamtasikia kitu, kwa sababu majani yanaitawanya sauti na kuimeza.

Sasa Kongo. Upana wa wastani wa Tanganyika ni karibu kilomita 50. Sauti ingehitaji karibu dakika 5 kwenda na kurudi, na kila umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inabaki robo. Inaisha mapema sana njiani. Kwa hiyo, mdogo wetu, ule ukimya hausemi lolote kuhusu watu wa nyumbani. Ni umbali tu. Habari zao tunazipata kwa simu na kwa wanaovuka, kama walivyovuka maelfu kutoka Fizi mwezi wa Januari 2018.

Kuna mwangwi mwingine unaotuumiza zaidi, na huo uko karibu kabisa. Ni banda la mkutano: mabati juu, saruji chini, matofali matupu pembeni. Kwa kuwa kuta ziko karibu, sauti hairudi peke yake kama mlimani. Inarudi mara nyingi, juu ya maneno yanayofuata. "Tarehe sita" au "tarehe saba"? Mama aliyekaa nyuma anakuja siku isiyo yake, anarudi bila mgao. Wazee wengi wananyamaza tu, wanaona aibu kuuliza tena.

Dada na kaka wa mashirika, kuongeza sauti ya spika hakusaidii, maana mwangwi nao unaongezeka. Semeni polepole, mkiwa karibu na watu. Kama hakuna mvua, tukutane nje chini ya mwembe. Tarehe iandikwe ubaoni pia. Na ukutani tutundike vitu laini vinavyomeza sauti, mikeka na blanketi. Blanketi tutaleta sisi.