Siku Moja na Mwongozaji Wenu Wenyewe: Disney ya Florida Pamoja na Bibi

Siku hizi akina mama wengi wana mtoto, ndugu au wifi anayeishi Marekani. Ikitokea nafasi ya kwenda kumsalimia, swali la watoto huwa lile lile hata kabla viza haijapatikana: "Tutakwenda Disney?" Mahali wanapopasema ni Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida. Palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na eneo lake lote linazidi kilometa za mraba 100. Humo hamna bustani moja bali nne kubwa, kila moja na lango lake: Magic Kingdom yenye ngome ya Cinderella, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios iliyofunguliwa mwaka 1989, na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Kutoka moja kwenda nyingine ni safari ya gari. Mama anayedhani ataziona zote kwa siku moja kwa miguu, na mtoto mgongoni, afadhali abaki nyumbani apike pilau.

Hata bustani moja tu humchosha mtu. Kinachochosha zaidi ni foleni, maana kutembea kwenyewe si tatizo kwetu. Kwa mchezo unaopendwa watu husimama saa nzima, na siku za Krismasi au Pasaka huzidi hapo, ili wapande kitu cha dakika tatu au nne. Jua la Florida wakati wa kiangazi ni kama la Dar es Salaam mwezi wa Februari, na alasiri huja mvua ya radi.

Kwa hiyo wenye bustani wameweka utaratibu wa kukodi mwongozaji wa familia yenu peke yenu. Huyu ni mfanyakazi wao wenyewe, amevaa nguo ya mirabaraba ili atambulike. Huja kuwachukua kwa gari hotelini, huwapitisha barabara za nyuma ambazo mgeni wa kawaida hazioni (na ambako hamruhusiwi kupiga picha), na huwaingiza michezo mingi kwa mlango wa haraka, hata mara mbili au tatu mkipenda. Mnaweza kutoka bustani moja na kwenda nyingine siku hiyo hiyo. Masharti yake ni haya: mnamkodi kwa saa zisizopungua saba mfululizo, na kundi lenu lisizidi watu kumi. Mtoto wa kifuani naye huhesabiwa katika hao kumi. Nafasi huanza kuchukuliwa siku 60 kabla.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo mama wa nyumbani huketi chini. Katika miaka hii ya karibuni imekuwa kati ya dola 450 na 900 hivi kwa saa moja, kufuatana na msimu. Zidisha kwa saba. Tena hiyo ni ya mwongozaji tu. Tiketi za kuingilia hulipwa mbali, nazo huanzia karibu dola 120 kwa mtu kwa bustani moja, na siku za sikukuu hufika 200 hivi. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu huingia bure, na aliyetimiza miaka kumi hulipa kama mtu mzima. Chakula ni juu yenu, na bakshishi ya mwongozaji pia, ambayo haiandikwi popote lakini hutazamiwa.

Nyumbani kwetu jambo hili lilileta maneno. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi huko Florida, alitaka kumfanyia mama yake siku moja ya furaha. Mama mkwe wangu ana miaka 76 na magoti yake hayamruhusu kusimama zaidi ya dakika kumi. Sote tulijua, ingawa hakuna aliyelitamka, kwamba safari hiyo ya Marekani haielekei kurudiwa. Wifi aliwaandikia ndugu zake walioko Uingereza na Canada wakachanga. Mume wangu alikataa kabisa. "Fedha hizi," alisema, "zingeezeka upya nyumba ya Mama kule Marangu, na chenji ikabaki." Wifi alimjibu, "Kaka, bati tutaezeka mwakani. Mama mwakani atakuwa na magoti gani?"

Mimi sikuona ni nani kati yao aliyekuwa amekosea, na mpaka leo sioni. Nilichosema ni kwamba Mama aambiwe bei mwenyewe. Katika familia zetu tuna tabia ya kuwaficha wazee gharama ili wasikatae, halafu wakisikia baadaye kwa majirani huumia. Basi aliambiwa, kwa shilingi za Tanzania, bila kupunguza hata senti. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hao wachangaji hawajakopa?" Akaambiwa la, hawajakopa. "Haya. Ila tukiisha kulipa, tusikimbizane. Nataka kutazama."

Neno hilo lilikuwa msaada mkubwa katika kupanga, maana makosa ya watu wengi wanaokodi mwongozaji ni kutaka kupanda kila kitu ili fedha irudi. Tuliketi na kila mtu akataja mambo mawili tu anayoyataka kwa moyo wote. Watu kumi, mambo ishirini. Mengi yalifanana, yakabaki tisa. Orodha hiyo tulimsomea mwongozaji kwa simu, pamoja na habari za magoti ya Mama, mtoto wa wifi wa miezi minane, na mtoto wangu wa mwisho aliyekuwa bado hajafikia kimo. Hili la kimo mlipime nyumbani kwa futi, viatu vikiwa vimevuliwa. Treni ya Expedition Everest, kwa mfano, hairuhusu mtoto aliye chini ya sentimita 112, na mwongozaji wa kulipwa hawezi kubadili hilo. Ulizeni pia habari za viti vya watoto ndani ya gari, na masharti ya kuvunja mpango mtu akiugua.

Tulichagua Jumamosi ya katikati ya Septemba, kwa sababu shule za Marekani zimekwisha kufunguliwa, watu wamepungua, na bei ya saa iko upande wa chini. Hasara yake ni joto, na ni majira ya vimbunga pia. Saa saba zetu tuliziweka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ili mvua itukute tumemaliza.

Mwanzo wa siku ulikuwa Animal Kingdom, kubwa kuliko zote nne. Katikati yake kuna mbuyu wa kutengenezwa wenye kimo cha meta 44, ambao shina lake limechongwa wanyama zaidi ya mia tatu. Nyuma yake ndipo Mswahili anaposimama akashangaa. Kuna mji mzima wa kubuni unaoitwa Harambe, wenye kuta zilizobabuka na milango kama ya pwani yetu, maana waliouchora walikwenda kutazama Lamu. Vibao vyake vingine ni vya Kiswahili. Kuna duka la vinywaji baridi na aiskrimu liitwalo Tamu Tamu, duka la Mombasa Marketplace, na mkahawa wa Tusker House, ambao wenyewe wamekusudia pembe za ndovu, lakini Mkenya akiliona jina hilo hufikiri chupa. Mama alivisoma vyote kwa sauti, kimoja kimoja, kama mwalimu wa darasa la kwanza, na wajukuu wazaliwa wa Marekani wakawa wanamfuata wakirudia. Kiswahili ambacho wifi ameshindwa kuwafundisha miaka yote hiyo, siku ile walikidai wenyewe.

Humo ndimo iliko safari ya magari ya wazi iitwayo Kilimanjaro Safaris. Huchukua karibu dakika ishirini, na mnaona twiga, tembo, vifaru, viboko na simba walio hai. Asubuhi ni bora, kwani wanyama hawajakimbilia kivulini. Mama, aliyezaliwa chini ya mlima wenyewe, aligeuka huku na huku gari likienda. "Na Kilimanjaro iko wapi?" Haipo. Florida ni tambarare kama meza.

Baadaye tuliketi kwenye tamasha la Lion King, ambalo ni la nusu saa, ndani ya jengo lenye ubaridi na mabenchi, na kwa mzee ni mahali pa kupumzika bila kuonekana amechoka. Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1994, na tangu hapo dunia nzima inawaita Simba, Rafiki na Pumbaa kwa maneno yetu. Hata "hakuna matata" kampuni hiyo iliisajili Marekani kama alama yake ya biashara mwaka 2003, jambo lililozusha malalamiko mengi mwaka 2018. Kwetu bara tunasema hamna shida, na hakuna aliyeisajili bado.

Jambo moja lilinisumbua, nami nitalisema. Mlango wa haraka hupita kando ya foleni ya kawaida. Unawaona akina mama wenzako wamesimama na watoto wanalia, jasho linawatoka, nao wanakuona. Mtoto wa wifi aliuliza kwa nini wale wanatupisha. "Tumelipa," baba yake akamjibu, na jibu lilikuwa la kweli lakini halikupendeza masikioni. Mama hakusema kitu. Kila tulipowapita alifanya kama mtu anayepita shambani kwa watu: aliinamisha kichwa na kusema, "Poleni jamani, poleni na kusimama." Hawakuelewa neno hata moja. Wengi walitabasamu, na mmoja alimpungia mkono.

Watu wamefanya mabaya zaidi ili wasisimame. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba matajiri fulani walikuwa wakikodi watu wenye ulemavu waingie nao kama jamaa zao, na Oktoba mwaka huo Disney ikabadili utaratibu wake wa kuwasaidia walemavu. Mwaka 2024 ukabanwa tena, na sasa hasa ni kwa wenye hali kama usonji. Mzee wa magoti hategemei huo. Yeye hukodi kiti cha magurudumu langoni. Mama alikikataa asubuhi ("mimi si mgonjwa"), akakikubali saa tano baada ya mjukuu mkubwa kuomba kukisukuma. Waacheni wajukuu waombe. Sisi watoto tukiomba, mzee husikia kwamba tumemwona amezeeka.

Mchana gari lilitupeleka Magic Kingdom, na hapo tulipanda mashua ya "it's a small world", ambayo huelea polepole kati ya vikaragosi vya watoto wa mataifa mbalimbali. Mchezo huo ulitengenezwa kwanza kwa maonyesho ya New York ya mwaka 1964. Vijana huuona wa kitoto. Mama aliutaka mara tatu, na kwa kuwa saa zilikuwa zetu, alipanda mara tatu. Mambo mawili ya orodha yetu hayakufanyika kwa sababu hiyo, na aliyeyakosa ni mume wangu. Hakulalamika, mara ya tatu nilimwona ameketi karibu naye, amemshikia mkoba.

Kwa familia isiyo na wachangaji wa Uingereza na Canada, msikate tamaa. Wengi wanaokwenda pale hawakodi mtu. Fikeni langoni kabla halijafunguliwa, na mkilala katika hoteli za Disney mnaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Chagueni bustani moja tu. Kuna malipo madogo ya simuni yaitwayo Lightning Lane, ambayo mwaka 2024 yalichukua nafasi ya Genie+, nayo hupunguza foleni kwa michezo michache. Chakula chenu mnaweza kuingia nacho, mradi kisiwe ndani ya chupa za kioo. Sisi tuliingia na chapati na mayai. Maji ya baridi hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula ukiomba. Pale penye treni asizoweza mtoto mdogo, baba hupanda kwanza na mama akabaki, kisha mama hupanda bila kupanga foleni upya. Ombeni utaratibu huo kwa mfanyakazi aliye mlangoni. Lakini jihadharini na watu wanaojitangaza kuwa waongozaji wa bei nafuu. Wakala mmoja alimtoza rafiki wa wifi fedha nyingi mapema, kisha hakuwa na mlango wowote wa haraka, akasimama nao foleni kama wengine.

Mvua ilianza saa tisa kasorobo. Mwongozaji, binti wa miaka ishirini na kitu, alimfunika Mama kwa koti lake mpaka kwenye gari. Bakshishi tulikuwa tumeitenga kwenye bahasha tangu jana yake, na nawashauri mfanye hivyo, maana jioni pochi huwa nyepesi. Jioni tulikwenda kula Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo nyuma yake wanyama hulisha usiku na mchana. Mama alisimama ukutani, magoti na yote, akawahesabu twiga waliokuwa karibu. Kisha akamwuliza wifi, kwa sauti ya mtu anayefuga, majani yao hukatwa na nani, na hulipwa shilingi ngapi.