Dakika 45 za Mwanza–Bukoba zilivyoniumbua

Jamani, mwenzenu yamenikuta! Mimi niliyekuwa najidai mtoto wa mjini, nimeumbuliwa na dakika 45 tu.

Ilikuwa hivi. Niko kazini hapa Mwanza, mchana simu ikaingia: bibi mzaa mama amefariki huko Maruku, Bukoba. Mazishi kesho saa nane mchana. Binamu yangu, naye anaishi hapahapa, akaniambia, "Kaka, leo usiku kuna meli. Twende zetu."

Nikamcheka. Meli ya kukesha ya nini wakati ndege zipo? Kutoka uwanja wa Mwanza hadi wa Bukoba, ukipiga mstari juu ya ziwa kuelekea kaskazini-magharibi, ni kama kilomita 175 tu. Kwa basi unalizunguka ziwa kupitia Geita na Muleba, umbali unazidi mara mbili. Ni kweli daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko ikaisha, lakini barabara ni ileile ndefu. Basi nikakata tiketi ya ndege ya saa nne asubuhi. Saa tano kasoro robo natua. Hesabu si ndiyo hiyo?

Kumbe nilihesabu ndege, sikuhesabu safari. Alfajiri niko macho, saa mbili niko uwanjani Ilemela, nakaguliwa, nakaa. Saa nne ilipofika tukatangaziwa kwamba Bukoba kuna mvua na mawingu mazito, tusubiri. Nikawa naangalia saa kila dakika. Mzee mmoja aliyekaa jirani akaniona.

"Mwanangu, tulia. Umesahau Novemba 6, 2022?"

Nikanywea. Siku ile hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege ikaangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walipoteza maisha, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika na mitumbwi kuokoa. Sikulalamika tena.

Tuliruka saa saba na robo. Pangaboi zile zinakwenda zaidi ya kilomita 400 kwa saa, kwa hiyo kilomita 175 ni chini ya nusu saa. Dakika nyingine zinaliwa na kujivuta uwanjani, kupanda na kushuka. Chini ni maji matupu na visiwa, kuzuri kweli, ila mwenzenu nilikuwa naona jeneza tu.

Saa nane kamili tukagusa ardhi. Uwanja wa Bukoba uko mjini, kando ya ziwa, kwa hiyo bodaboda nilipata hapohapo. Tukapasua migomba hadi Maruku. Nikakuta watu wanapanga maua juu ya kaburi.

Binamu alifika asubuhi na meli yake. Aliuona uso wa bibi, akabeba na jeneza. Hakunicheka. Mjomba akanishika bega, akanipa ua moja. "Weka lako, mjukuu."

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiambiwa Mwanza–Bukoba ni dakika 45, jua hizo ni za angani. Kutoka mlango wako hadi mlango wa unayemwendea, tenga siku nzima. Kama anayekusubiri hawezi kungoja, ondoka jana yake.

Bibi, nisamehe.