Ukiondoka Chuo, Ondoka kwa Barua

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeurudia hapa Morogoro mara kadhaa, nikaona afadhali nikuandikie kuliko kukupigia simu nikaanza kupayuka. Unasema chuo kimekuchosha, hesabu za mwaka wa pili zimekushinda, darasani huingii tena, na unataka kubaki Kariakoo na ufundi wako wa simu. Unasema pia baba yako hajui. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Kwanza ondoa hofu, sikushurutishi ubaki chuo. Nimekuona kazini. Siku ile nilipopita Mtaa wa Aggrey ulikuwa umeinamia simu ya mama mmoja, unapuliza hewa ya moto kwenye ubao wake mpaka kidude kidogo kama chembe ya ufuta kikaachia, ukapachika kingine bila mkono kutetemeka. Simu ilipowaka yule mama alikushika mkono akakuombea dua. Huo ni ujuzi wa haki, na anayesema ni kazi ya walioshindwa shule hajui asemalo.

Lakini umefunga mambo mawili katika fundo moja, nami naomba tulifungue. Kuna kupenda ufundi, na kuna kuogopa sapu, hiyo mitihani ya marudio. Mwaka jana ulikuwa unatengeneza simu kila mwisho wa wiki na bado ukinipigia ulikuwa unanisimulia maabara ya umeme mpaka salio linakwisha. Tangu zilipotoka zile sapu mbili, kila tukizungumza unataja kudisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli, na duka nalo linazidi kukua machoni pako. Jiulize ukiwa peke yako: hesabu zile zingeondolewa leo, kesho ungerudi darasani? Ukijibu ndiyo, basi sapu bado ziko mbele, walimu wapo, na wenzako waliofaulu wapo. Ukijibu hapana, tuzungumze namna ya kuondoka. Na kama usiku hulali na chakula hakipiti, usingoje jibu lolote, nenda kamwone Mlezi wa Wanafunzi wiki hii. Yupo kwa ajili hiyo.

Na duka lenyewe tulitazame. Fremu si yako. Meza unayokalia ni ya mwenye fremu, kila kazi mnagawana. Leo mnaelewana. Kesho kodi ikipanda, au akimleta mdogo wake kutoka nyumbani, utashika nini? Kabla hujaacha chuo kwa ajili ya meza hiyo, andikishianeni. Tena uanze daftari leo, uandike kilichoingia, ulichonunulia vipuri, nauli, chakula, na kilichobaki. Umenitajia siku uliyopata fedha nyingi, lakini siku ambazo hukupata kitu hukunitajia.

Unajua nilikaa miaka mingi kwenye masjala ya chuo. Wanaoacha masomo ni wengi kuliko watu wanavyodhani, na wengi wao ni watu wazuri wenye sababu nzuri. Walionitia uchungu ni wale walioyeyuka tu. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuja dirishani, shati limepigwa pasi, bahasha mkononi, anaomba matokeo yake ya zamani apate kuanza mahali pengine. Nikafungua faili lake. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya usajili wa muhula, na baada yake hapakuwa na barua wala cheti cha daktari. Kwenye mitihani aliandikwa hakutokea, somo baada ya somo, na kwa kanuni zetu asiyetokea bila taarifa alifutiwa masomo. Hadi alipoondoka alama zake zilikuwa safi. Mwenzake wa darasa lilelile, aliyeondoka kwenda kumuuguza mama yake, aliacha barua ya ukurasa mmoja ya kuahirisha masomo, na chuo kikamjibu. Huyo alirudi akamaliza.

Umeandika kwamba usipomaliza pamoja na wenzako utaaibika. Basi sikiliza kisa hiki. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Mwaka uliofuata wengi wao waliruhusiwa kurudi. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alimaliza shahada yake ya sheria 1971, na mwaka 2005 akachaguliwa Spika wa Bunge. Hao walitimuliwa nchi nzima ikiona. Wewe ukichelewa mwaka mmoja nani atakukumbuka kwa hilo?

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba uahirishe, usiache. Kawaone watu wa idara kabla ya mitihani, uulize mwisho wa kuomba ni lini na mwanafunzi anaruhusiwa kukaa nje muda gani. Andika barua, upitishe kwa mkuu wa idara, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiridhike na ahadi ya mdomo. Bodi ya Mikopo nao wajue. Bumu, hiyo fedha yao ya kujikimu, litasimama, hilo ulitarajie, lakini deni halifutiki kwa kuwa hukuhitimu. Siku ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, uwe na shahada au usiwe nayo, na aliyejiajiri naye anadaiwa.

Mwaka huo wa nje uutumie kuupima huo ufundi kwa ukweli. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, kaulize kama kazi yako imo. Na daftari likionyesha kwamba mezani ndiko kwenye riziki yako, Chuo Kikuu Huria kina wanafunzi wengi wanaosoma huku wakifanya kazi, kina vituo mikoani, na kama alama zako zinahamishika utaambiwa. Ikiwa baada ya hayo yote utaona shahada si yako, mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea.

Kuhusu baba yako, atanuna. Namjua tangu tukiwa watoto, ananuna siku mbili kisha anauliza chakula kiko wapi. Lakini akija kuambiwa na jirani kwamba mwanawe haonekani chuoni, kitakachomuumiza ni kwamba ulimficha, na hilo atakaa nalo muda mrefu. Usimwambie kwa simu, wala usimtume mama yako.

Njoo Jumamosi na treni ya asubuhi, nitakungoja stesheni. Tupitie kwangu kwanza, tuisome rasimu ya barua yako pamoja, jioni twende kwa baba yako. Nitaanza mimi kusema, kisha nitakuachia wewe. Beba matokeo yako yote, hata yale mabaya, na hilo daftari hata kama lina kurasa mbili tu. Kwenye barua usisahau namba ya usajili na tarehe.

Ni mimi shangazi yako.